Usahihishaji Tangulizi: Namna Video Inavyojaziwa Pakiti Zilizopotea Njiani

Mtu aliyeko Newala akitazama kwa simu mechi inayorushwa moja kwa moja kutoka uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, kinachomfikia ni vipande vidogo vya data viitwavyo pakiti, ambavyo visichanganywe na vifurushi tunavyonunua kwa wakala. Video ya megabiti 2 kwa sekunde, ikifungwa kwa mtindo unaotumika sana katika utangazaji wa baiti 1316 kwa kila pakiti, hutoa pakiti zipatazo 190 kila sekunde, na baadhi yake hazifiki, ama kwa sababu mawimbi yamefifia, ama kwa sababu mtandao umeelemewa ukazitupa.

Kupotea kwa pakiti moja kuna uzito kuliko mtu anavyodhani. Video hubanwa kwa kutuma picha chache zilizo kamili, huku zinazofuata zikibeba mabadiliko tu, kwa hiyo doa lililoingia kwenye picha kamili hurithiwa na picha zote zinazoitegemea mpaka picha kamili nyingine ifike. Ndiyo maana nyasi za uwanja hugeuka miraba kwa sekunde nzima au zaidi.

Dawa ya kwanza ni mpokeaji kuomba pakiti itumwe tena, na kwa filamu iliyohifadhiwa inatosha, maana simu huwa imekwisha kuweka akiba ya sekunde kadhaa. Kwa matangazo ya moja kwa moja yanayotakiwa kufika bila kuchelewa, ombi na jibu lake huenda vikafika muda umepita. Njia ikipitia setilaiti iliyo kilometa zipatazo 36,000 juu ya ikweta, safari ya kwenda na kurudi peke yake hula takriban nusu sekunde. Hapo ndipo unapohitajika usahihishaji tangulizi, yaani mtumaji kuambatanisha mapema data ya ziada inayomwezesha mpokeaji kuunda upya kilichopotea bila kuuliza.

Tuchukue lori la korosho lenye magunia kumi, kila moja likiwa na lebo ya uzito, na karani akiwa ameandika jumla ya uzito huo kwenye karatasi. Lebo moja ikichanika njiani, mpokeaji ghalani hutoa uzito wa magunia tisa kwenye jumla, akaupata wa lile la kumi. Vivyo hivyo, kila pakiti kumi za video huongezewa ya kumi na moja inayofanya kazi ya karatasi hiyo, isipokuwa kompyuta haijumlishi kilo: kwa kila nafasi ya biti, yaani tarakimu ya 0 au 1, huandika 1 ikiwa idadi ya tarakimu 1 zilizo katika nafasi hiyo kwenye zile pakiti kumi ni witiri, na 0 ikiwa ni shufwa. Pakiti huwa na namba za mfuatano, hivyo iliyokosekana hujulikana mara moja.

Lebo zikichanika mbili, hata hivyo, mpokeaji anabaki na jumla ya magunia mawili asijue lipi lina kiasi gani, na kwa bahati mbaya mitandao ya simu hupoteza pakiti kwa mkupuo. Kwa hiyo pakiti 100 hupangwa katika jedwali la safu 10 kwa 10, na ziada hukokotolewa kwa kwenda chini: ya kwanza, ya 11, ya 21 na kuendelea. Pakiti kumi zilizofuatana zikipotea, kila wima hupungukiwa na moja tu, na zote hurudishwa. Gharama yake ni kusubiri kwa takriban nusu sekunde mpaka jedwali lijae. Mbinu yenye nguvu zaidi, iliyochapishwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, huwezesha pakiti nne za ziada kurejesha pakiti zozote nne za kundi lake.

Ziada hii hulipiwa na mtazamaji: kwa mpango huu wa kumi kwa kumi, kila megabaiti 100 za video huongezewa 10. Tena, kama pakiti zinapotea kwa sababu mtandao umeelemewa, kuongeza ziada juu ya mzigo uleule huzidisha upotevu, na kwa maoni yangu hapo ndipo watangazaji wadogo hukosea zaidi. Iliyo bora ni kushusha video yenyewe, kwa mfano kutoka megabiti 2 hadi 1.8, kisha nafasi iliyopatikana ikapewa pakiti za ziada.