Je, wajua kwa nini kisamvu hutwangwa kabla ya kubandikwa jikoni?

Mboga nyingi za majani zina safari fupi: huoshwa, hukatwa, hubandikwa. Mchicha ndivyo, matembele ndivyo, majani ya maboga ndivyo. Kisamvu peke yake hupitia kinuni. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa majani ya muhogo ni magumu, yasipotwangwa hayalainiki. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu tu. Nusu ya pili inahusu silaha ambayo muhogo umejitengenezea, na namna silaha hiyo inavyofyatuka.

Nilipokuwa mdogo nilipenda kukaa karibu na kinu bibi akitwanga. Mapigo ya mwanzo majani hurukaruka tu, yanataka kutoka. Baadaye yanalegea, yanashikana, kijani chake kinakoza, na hapo ndipo inapanda harufu kali, mbichi, inayokwenda puani moja kwa moja. Bibi alikuwa akinisogeza pembeni kwa kiwiko: "Kaa huko, mjukuu wangu, usiivute hiyo." Kisha hutwanga tena, hukiacha kisamvu kipumue kidogo kwenye ungo, ndipo kinaingia chunguni, nacho chungu hakifunikwi mpaka kimechemka vya kutosha. Nazi na karanga zilisubiri.

Muhogo ulio hai shambani, jani lake na mzizi wake, karibu hauna sumu iliyo tayari. Una nusu mbili za sumu. Fundi anaijua ile gundi inayouzwa katika mirija miwili: kila mrija peke yake unakaa miaka bila kuganda, ila ukikamulia yote miwili pamoja, dakika chache tu imekuwa jiwe. Muhogo nao umefanya vivyo hivyo. Nusu ya kwanza ni linamarini, aina ya sukari iliyobeba sumu ya sianidi mgongoni, nayo imefungiwa katika kifuko cha maji kilichomo ndani ya kila seli. Nusu ya pili ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kiitwacho linamarasi, nacho kinakaa nje, katika ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, hazikutani.

Akija mdudu akatafuna, au nguruwe pori akang'oa mzizi na kuuponda kwa magego, kuta zinavunjika na nusu mbili zinachanganyika. Linamarasi inaikata sukari, kinachobaki hakidumu, kinameguka na kutoa haidrojeni sianidi, moja ya sumu kali zinazojulikana. Silaha inatengenezwa mdomoni mwa mshambuliaji, kutokana na tafuno lake mwenyewe. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mmea hauhitaji kujua nani amekuja wala lini. Kuvunjwa kwenyewe ndiyo ishara.

Ndiyo maana wakulima wengi wanaopakana na msitu hupanda muhogo mchungu, ingawa mtamu ungewapunguzia kazi. Ngedere, nyani na nguruwe wanaujua. Hata mwizi wa binadamu anafikiri mara mbili, maana muhogo mchungu hauliwi njiani kwa kuumenya na kuutafuna mbichi. Lakini ngao hii ina tundu. Nzi weupe, wale wanaosambaza magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia, hawatafuni. Wanachomeka mdomo mwembamba kama sindano na kunyonya utomvu, wakipita bila kuponda seli nyingi, na mtego haufyatuki. Mmea unaomshinda nguruwe unashindwa na mdudu mdogo kuliko punje ya mchele.

Sasa, jani likichanika kwa upepo, sianidi inayotoka kwa nini haiui muhogo wenyewe? Kwa sababu una njia ya kuimaliza. Kimeng'enya kingine kinaikamata sianidi na kuiunganisha na sisteini, kijenzi cha protini chenye salfa ndani yake, na baada ya hatua nyingine inageuka kuwa asparajini, ambayo ni chakula cha mmea. Shikilia hilo neno salfa, tutalirudia.

Hapo pia pana jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza kuliko yote. Linamarini si silaha tu. Hutengenezwa zaidi majanini, kisha husafirishwa hadi mizizini, ikibeba naitrojeni, ile rutuba ambayo mkulima hununua kwa mfuko wa mbolea. Watafiti nchini Marekani walipozuia majani ya muhogo yasitengeneze linamarini, mizizi nayo ilibaki karibu bila linamarini yoyote, na miche hiyo haikukua vizuri maabara mpaka ilipoongezewa amonia, ambayo nayo ina naitrojeni. Kwa hiyo muhogo umeficha akiba yake ndani ya silaha yake. Ukame ukiingia kiasi cha linamarini mizizini hupanda, na shamba lilelile, mbegu ileile, linaweza kutoa muhogo mchungu zaidi kuliko mwaka jana. Wazee wanaoonja ncha ya muhogo kwa ulimi na kutema kabla ya kupika wana sababu, ingawa ulimi si kipimo cha kuaminika kila mara.

Kwa vipimo, muhogo mtamu huhesabiwa kuwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kila kilo ya mzizi mbichi. Ukivuka 100 unahesabiwa kuwa wa hatari, na ipo aina inayofika mia kadhaa. Ganda lina nyingi kuliko nyama ya ndani, kwa hiyo kumenya tu tayari ni hatua. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kwa unga wa muhogo wa kula ni miligramu 10 kwa kilo.

Turudi kinuni. Kutwanga ni kuvunja kuta za seli, nusu mbili zikutane nje ya mwili wako badala ya kukutana ndani. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, na mchana wa pwani ni zaidi ya hapo, kwa hiyo mara inapoundwa inapaa yenyewe. Majani yana linamarasi kwa wingi, na yana kimeng'enya cha pili kinachoharakisha hatua ya mwisho, ndiyo maana kutwanga kwa muda mfupi tu kunafanya kazi kubwa. Chungu kisichofunikwa kinamalizia. Wenzetu wa Kongo wanaopika sombe na wa Rwanda na Burundi wanaopika isombe wanafuata mpango huohuo.

Ukigeuza mpango, mambo yanabadilika. Linamarini inavumilia moto, linamarasi haivumilii. Ukitumbukiza majani mazima kwenye maji yanayochemka, umekiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki nzima, imetulia, ikisubiri. Wapo wanaochemsha kwanza ili kutwanga kuwe rahisi. Wakifanya hivyo, waweke maji mengi na wayamwage, kwa kuwa linamarini inayeyuka kwenye maji na sehemu yake itaondoka nayo. Ila njia ya kinu kwanza ni bora, nami naitetea bila kusita.

Mzizi mchungu ni kazi kubwa zaidi. Mnofu wake ni mnene, kimeng'enya chake ni kichache kuliko cha majani, na kile cha pili karibu hakipo kabisa. Kuuchemsha mzima hakuupunguzii sumu kwa kiasi cha kutosha, hata ukiiva ukawa laini kama siagi. Ndiyo sababu watu wa Bonde la Kongo huloweka mihogo mtoni au kwenye mapipa kwa siku tatu au zaidi. Bakteria wanauchachusha, mzizi unalegea mpaka unabonyea kwa kidole, kuta za seli zinaachia, sumu inaundwa na kuondoka na maji na hewa. Kanda ya Ziwa watu huvundika na kupata udaga, ule unaotoa ugali mweusi mweusi wenye harufu yake. Kuanika juani peke yake, kama tufanyavyo makopa, kunasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani: muhogo ukikauka haraka, kimeng'enya kinakosa maji ya kufanyia kazi kabla hakijamaliza.

Siku hizo tatu si mapambo. Kwenye eneo la Bandundu, Kongo, barabara ya lami ilipofika na malori ya kwenda Kinshasa yakaanza kununua mihogo, kinamama walipunguza siku za kuloweka ili wawahi soko, na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, ukaonekana katika vijiji vya njia ile. Konzo ni neno la Kiyaka, lugha ya hukohuko Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari kwa mara ya kwanza mwaka 1938 hukohuko Kongo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haitalegea tena maishani. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakipishana kama mkasi, au hatembei kabisa. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, katika ukame wa Nampula, Msumbiji, walipatwa zaidi ya watu 1,000. Mwaka 1985 ilikuwa zamu ya Tarime, mkoani Mara, nako pia ukame na njaa viliwafanya watu wale muhogo mchungu kabla haujaondolewa sumu vya kutosha.

Lakini mamilioni ya watu hula muhogo kila siku na hawapatwi. Hapa ndipo mwili wetu unapoingia. Ini letu lina kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huichukua sianidi kidogokidogo, huibandika salfa, na kuigeuza kuwa thiosianeti, kitu chenye madhara madogo sana kinachotoka kwa mkojo. Salfa ileile ambayo muhogo unaitumia kujiokoa ndiyo tunayoitumia sisi. Nasi tunaipata kutoka protini: samaki, dagaa, mayai, nyama, na kwa kiasi fulani kunde na maharage. Mwenye sahani ya ugali wa muhogo na dagaa anaula pamoja na kinga yake. Mwenye ugali huohuo na chumvi tupu, wiki baada ya wiki, anafika mahali ini halina salfa ya kubandika. Ndiyo maana konzo inafuata njaa na ukame: sumu shambani inapanda wakati uleule kitoweo kinapotoweka. Hata thiosianeti yenyewe si bure kabisa, kwani inashindana na madini joto kuingia kwenye tezi ya shingo, na mahali ambapo chumvi haina madini joto, rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, huongezeka.

Wafugaji wanaijua sumu hii kwa mlango mwingine, wa mtama. Mtama mchanga, hasa machipukizi yanayotoka baada ya mvua kunyesha kufuatia kiangazi, una dhurini, ndugu wa linamarini. Ng'ombe akiingia humo na njaa anaweza kuanguka ndani ya dakika. Wacheuaji wanaumia haraka kuliko sisi, kwa sababu tumbo lao la kwanza halina asidi kali ya kukizima kimeng'enya, tena limejaa vijidudu vinavyosaidia kuifungua sumu. Damu ya mnyama huyo huwa nyekundu mno, ya kung'aa. Hewa ya oksijeni imo ndani ya damu tele, ila sianidi imezifunga seli zisiweze kuitumia. Mnyama anakosa pumzi huku mapafu yake yamejaa. Daktari wa mifugo akiwahi humchoma sindano ya thiosalfeti ya sodiamu, na jina linajieleza: anampelekea ini salfa.

Na kwa aliye na unga wa muhogo mchungu nyumbani ambao hana uhakika nao, ipo njia iliyobuniwa na mwanakemia wa Australia, Howard Bradbury, na ikatumika kuzuia konzo katika vijiji vya Kwango, Kongo. Haihitaji mashine. Ndani ya unga uliosagwa bado kuna mabaki ya linamarini na mabaki ya kimeng'enya, vyote vimekauka, vimelala. Unaukoroga unga na maji mpaka unakuwa rojo zito, unautandaza kwenye sinia au mkeka safi usizidi unene wa sentimita moja, na unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Maji yanakiamsha kimeng'enya, kinamaliza kazi kilichoiacha, na gesi inapaa. Rojo hilo linasongwa ugali siku hiyohiyo. Pembeni, kama mfuko unaruhusu, dagaa.