Je, wajua kwa nini helikopta ya Lama ilifungwa injini ya nguvu farasi 870, kisha ikaruhusiwa kutumia 550 tu?

Injini ya helikopta ndogo ya SA 315B Lama ni Artouste IIIB, iliyotengenezwa na Turbomeca ya Ufaransa. Kwa uwezo wake kamili inaweza kutoa nguvu farasi 870, ila kwenye Lama imewekewa kikomo cha 550. Mwenye kupenda hesabu atauliza: hizo 320 zinazobaki zililipiwa za nini?

Ni akiba ya milimani. Injini ya turbaini huishi kwa hewa, na kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi. Injini inavuta hewa kidogo, hivyo mafuta nayo lazima yapungue, la sivyo joto ndani linapita kiasi na kuharibu turbaini yenyewe. Kwenye mita 4,000, siku ya kawaida, uzito wa hewa ni kama asilimia 67 ya ule wa usawa wa bahari. Zidisha 870 kwa 0.67, unapata 583 hivi, ambayo bado inapita 550. Rubani aliye mita 4,000 ana nguvu karibu sawa na aliyekuwa nayo ufukweni. Injini ya 550 kamili ingekuwa imebakiwa na 370 hivi hapohapo. Hii ni hesabu ya haraka tu, kwa kuwa injini halisi haifuati mstari ulionyooka namna hiyo, lakini inatosha kuonyesha wabunifu walichokuwa wanakitafuta.

Kwa nini basi wasiache zote 870 zitumike kule chini? Tatizo ni giaboksi. Injini inazunguka mara 33,500 kwa dakika, mapanga ya juu takriban 350. Kasi inapunguzwa kama mara 95, na kila kasi inapopungua, nguvu ya kusokota inaongezeka. Giaboksi ya kuhimili 870 ingehitaji meno mapana zaidi, ekseli nene zaidi na mafuta mengi zaidi ya kulainisha. Uzito huo wote ungekula faida yenyewe. Ni rahisi zaidi kubeba injini yenye akiba kuliko kubeba chuma kisicho na kazi.

Lama yenyewe ilizaliwa kwa mahitaji ya India. Mwaka 1968 jeshi la nchi hiyo lilitaka helikopta ya kufanya kazi Himalaya, mahali penye joto mchana na hewa hafifu muda wote. Sud Aviation, kampuni ya Ufaransa iliyounda Lama, hawakuanza upya. Walichukua bodi nyepesi ya Alouette II, ile yenye chumba cha vioo kama povu na mkia wa mabomba matupu, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, wakaifunga injini, giaboksi na mapanga ya ndugu yake mkubwa, Alouette III. Tarehe 17 Machi 1969 ikaruka. Ikiwa tupu ilikuwa na kilo 1,021 tu. Mwaka huohuo, ikiwa na watu wawili na kilo 120 za mafuta, ilitua na kupaa tena kwenye mita 7,500 huko Himalaya.

Lakini injini ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mapanga. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga matatu ya Lama, yenye duara la mita 11.02, lazima yainamishwe kwa pembe kubwa zaidi ili yanyanyue uzito uleule. Pembe ikiongezeka, ukinzani wa hewa unaongezeka, na injini inadaiwa zaidi. Ndiyo maana rubani wa Lama hukitegemea sana kipimo cha pembe ya mapanga, maana ndicho kinachomwambia amebakiwa na kiasi gani. Akivuta wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaoongeza pembe hiyo, kupita uwezo wa injini, mapanga yanaanza kupungua kasi. Panga la mkia, linaloendeshwa na giaboksi hiyohiyo, nalo linalegea, na pua ya helikopta inaanza kugeuka bila kuombwa. Mkono unatamani kuvuta zaidi kwa sababu chombo kinazama. Dawa ni kinyume chake: kushusha wenzo kidogo ili kasi ya mapanga irudi, kama bado kuna nafasi chini yako.

Hapo ndipo kilo zinapokuwa kila kitu. Lama yenye uzito wa kilo 1,950 inaweza kusimama hewani, mbali na ardhi, hadi mita 4,600. Iongezee kilo 350 za mzigo unaoning'inia kwenye kamba, ifike kilo 2,300, na kikomo hicho kinaporomoka hadi mita 1,550. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690. Yaani helikopta ileile inayocheza kwenye barafu za Himalaya, ikijazwa mzigo wake wote, isingeweza kusimama juu hewani pale Wilson hata siku ya baridi ya wastani.

Na Nairobi haina baridi hiyo kila siku. Kwa mwinuko huo, joto la kawaida kwenye majedwali ya urubani ni nyuzi 4 hivi. Saa nane mchana ikiwa ni nyuzi 28, tofauti ni 24. Kila nyuzi moja huongeza kama mita 36 kwenye mwinuko ambao injini na mapanga yanauhisi, kwa hiyo chombo kinafanya kazi kana kwamba kiko zaidi ya mita 2,500. Rubani makini hupiga hesabu hii kabla ya kuruhusu abiria wa nne na begi lake, na hupanga safari nzito alfajiri.

Karibu na ardhi mambo hupungua ugumu kidogo. Upepo unaosukumwa chini unazuiwa na ardhi, na helikopta inahitaji nguvu pungufu kusimama hewani. Lama ya kilo 1,950 inafika mita 5,050 kwa msaada huo. Ila msaada unahitaji uwanja bapa na mpana. Ukitua kwenye kilele chembamba, nusu ya mapanga iko juu ya bonde, na hewa inakimbilia chini. Wengi wamehesabu nguvu ya uwanjani wakaikosa kileleni.

Tarehe 21 Juni 1972, huko Istres, Ufaransa, rubani wa majaribio Jean Boulet aliipandisha Lama iliyopunguzwa vitu vyote visivyo vya lazima hadi mita 12,442, ambako uzito wa hewa ni kama robo tu ya ule wa pwani. Alipopunguza nguvu ili aanze kushuka, injini ilizimika na haikuwaka tena. Alishuka njia yote bila injini, hewa inayopanda kutoka chini ndiyo ikizungusha mapanga, akatua salama.

India iliendelea kuitengeneza Lama katika kiwanda cha HAL, kampuni ya nchi hiyo ya kuunda ndege, kwa jina la Cheetah, na ndiyo iliyohudumia vituo vya jeshi kwenye barafu ya Siachen kuanzia miaka ya 1980. Baadaye nyingine zilifungwa injini mpya ya TM333 na kuitwa Cheetal. Mrithi aliyeandaliwa na HAL, helikopta nyepesi iitwayo LUH, aliruka mara ya kwanza tarehe 6 Septemba 2016 na kujaribiwa milimani Ladakh mwaka 2019. Uzito wake wa juu ni kilo 3,150, na licha ya kuongezeka huko bado ana injini moja. Injini ya pili ingeleta usalama kule chini, lakini pia ingeleta uzito wake, mabomba yake na kiungo chake kwenye giaboksi, na kwenye mita 5,000 kilo hizo zingetoka kwenye dawa, chakula au mgonjwa anayesubiri kuteremshwa.