Skramu ni nini hasa, na kwa nini naiona ni dawa ya "bado kidogo"

Juzi kijana mmoja anayeanza kazi ya programu hapa Kampala aliniuliza, kaka hii Skramu ni nini maana kila tangazo la kazi wanaitaja, na mimi ofisini naona watu wanasimama asubuhi wanaongea halafu wanarudi kukaa. Nikaona jibu la wasap halitatosha, nikamwambia ngoja nitaandika.

Nianze na ugonjwa kabla ya dawa. Muulize mtu wa programu kazi imefika wapi, atakwambia bado kidogo. Wiki ijayo muulize tena, bado kidogo. Na wala hadanganyi, ndivyo anavyoiona kutoka pale alipokaa. Mradi wangu wa kwanza mkubwa tulikaa na bado kidogo miezi minane, mteja alitupa makaratasi ya mahitaji tukayasaini tukajifungia ofisini Ntinda, na siku tulipopeleka ile kitu kwa watu wa kuitumia wakaiangalia wakatushukuru kwa heshima zote wakarudi kwenye madaftari yao. Miezi minane! Iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Sasa Skramu, ambayo ni utaratibu wa timu kupanga na kufanya kazi, inaanzia hapo hapo. Inasema msikae muda mrefu bila kuonyesha kitu kilichoisha. Muda unakatwa vipande, kila kipande ni sprinti, hakizidi mwezi mmoja, wengi tunatumia wiki 2, ikiisha hii inaanza nyingine palepale bila kupumzika katikati, na kila sprinti lazima itoe kitu kinachofanya kazi, hata kama ni kidogo.

Jina limetoka kwenye raga. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika kwenye jarida la Harvard Business Review kwamba bidhaa mpya zinatoka vizuri timu ikienda kama raga, wote wanasonga pamoja wakipasiana mpira, sio kama mbio za vijiti ambapo ukishampa mwenzako kijiti kazi yako imeisha. Baadaye Wamarekani Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakaileta kwenye programu, wakaieleza hadharani mwaka 1995. Kama ushawahi kwenda uwanja wa raga wa Kyadondo pale Lugogo umeiona skramu yenyewe, wanane huku wanane kule wameshikana mabega, akilegea mmoja wote wanarudishwa nyuma. Mwongozo wa Skramu wa Sutherland na Schwaber, ule wa 2020, haufiki hata kurasa 20, unaumaliza ukiwa kwenye foleni ya Jinja Road.

Timu ni watu 10 kushuka chini. Kuna prodakti ona yaani mwenye bidhaa, huyu ndiye anapanga kipi kitangulie kwenye beklogu yaani ile orodha ya kazi zote, na ni mtu mmoja sio kamati. Kuna madevelopa wanaotengeneza, na wao ndio wanaosema sprinti hii tutabeba kiasi gani, sio bosi. Halafu skramu masta. Huyu hapa kwetu wengi wanamgeuza monita wa darasa, anashika majina ya waliochelewa, wakati kazi yake ni kuisaidia timu iielewe Skramu na kuhakikisha vikwazo vinaondoka njiani.

Ule mkutano wa asubuhi kijana aliouona ni deili skramu, dakika 15 basi. Ni wa madevelopa kuangalia kama bado tunaelekea kwenye lengo la sprinti na kupanga siku, na ukiona kila mtu anamwangalia bosi wakati anaongea jua hiyo ni ripoti imevalishwa jina jipya. Mwanzo wa sprinti mnapanga, mwisho mnakaa wenyewe mnaongea tulifanyaje kazi pamoja na tubadilishe nini (retro hii watu huiruka wakiwa na haraka, msiiruke). Lakini kabla ya retro kuna rivyu, yaani kuwaonyesha wahusika kilichoisha na kusikia wanasemaje, na kwangu mimi rivyu ndio roho ya jambo lote.

Nikupe mfano. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kupimia kahawa kwa chama cha wakulima huko juu milima ya Elgon. Sprinti ya kwanza tulitoa kitu kimoja tu, unachagua jina la mkulima unaandika kilo. Tukapanda nacho mpaka kwenye mizani yenyewe, jioni, foleni ya magunia, na karani ni mama mmoja mtu mzima ambaye vidole vyake vimeshikana kwa utomvu wa kahawa mbivu, anagusa kioo hakisikii, anafuta kwenye leso, anagusa tena. Halafu majina, mwanangu, akaniambia, hapa majina yanafanana ukoo mzima, sisi tunaitana kwa namba. Akanionyesha daftari lake, kweli, namba tupu na kilo. Wiki 2 tu tulikuwa tumepoteza, na hata hizo sio hasara maana tulirudi na jibu. Prodakti ona akabadilisha beklogu usiku ule ule, namba badala ya majina, vitufe vikubwa vya kubonyeza hata kwa kifundo cha kidole.

Kitu kingine wageni wa Skramu wanakipita haraka ni makubaliano ya neno imeisha. Timu inaandika wazi, kazi ikiwa na nini ndio tunasema imeisha, na kama haijatimiza hairuhusiwi kuonyeshwa kwenye rivyu, inarudi kwenye beklogu, hakuna asilimia tisini hapa. Ya kwetu ilikuwa karatasi ukutani: imejaribiwa na mtu ambaye hakuiandika, inaenda kwenye simu ya bei ya chini, maandishi yanasomeka juani.

Sprinti ya tatu tukapanda tena. Yule mama akapima magunia matatu bila kugusa daftari, sisi tumesimama pembeni tumebana pumzi. Gunia la nne mtandao ukakatika, akavuta kalamu nyuma ya sikio, akafungua daftari akaandika kama kawaida. Tuliporudi Kampala mstari wa nne ukaingia kwenye karatasi: inafanya kazi bila mtandao.