Mshale wa geji haupimi gesi iliyobaki: dhana potofu kuhusu hewa ukaa katika tangi la samaki lenye mimea

Mwezi Julai mteja mmoja wa Njiro alinipigia simu akieleza kwamba mtungi wake wa hewa ukaa, gesi inayoingizwa majini kulisha mimea ya tangi, unavuja, kwa sababu asubuhi mshale wa geji, yaani kipimo cha mgandamizo, ulisoma bar 51 ilhali jana yake mchana ulisoma 60. Kabla sijafika alikuwa amekwisha kuikaza nati ya regulata, kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi inayotoka mtungini, kwa spana hadi washa (pete ya kuzibia) ikapondeka, na hapo ndipo uvujaji wa kweli ulipoanza. Katika kazi yangu ya kufunga mifumo hii Arusha na Moshi, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko hii kwamba geji ya mtungi huonyesha kiasi cha gesi kilichobaki. Haionyeshi, na imani hiyo imewaua samaki wengi wasio na kosa.

Hewa ukaa hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na juu yake pana mvuke. Maadamu kimiminika kingalipo, hata kama ni kidogo, mgandamizo wa mvuke huo hufuata joto peke yake: nyuzi 15 hutoa takribani bar 51, nyuzi 20 hutoa 57, na nyuzi 25 hutoa 64. Baridi ya Julai inayoteremka kutoka Meru ndiyo iliyoushusha mshale wa yule mteja, na saa nane mchana, chumba kilipopata joto, ulirudi 60 bila mtu kuugusa. Alipouona umerudi alifurahi akasema kumbe mtungi bado umejaa, nami nikamwomba tuutenganishe na regulata na kuupeleka kwa jirani yake anayeuza mchele. Kwenye bega la mtungi ulipigwa chapa uzito wa chuma kitupu, kilo 4.6; mizani ilisoma kilo 5.3. Katika mtungi wa kilo 2 zilikuwa zimebaki gramu 700, na mshale ulikuwa palepale ulipokuwa siku ulipojazwa.

Mshale huanza kushuka kwa kweli pale kimiminika kinapokwisha na kubaki mvuke mtupu, yaani takribani robo ya ujazo wa awali, na hatari yenyewe huanzia hapo. Regulata nyingi zinazouzwa kwetu ni za hatua moja, yaani hupunguza mgandamizo mara moja tu, na regulata ya aina hiyo huongeza mgandamizo inaoutoa kadiri mgandamizo wa mtungi unavyopungua, kwa hiyo mapovu uliyoyapanga moja kwa sekunde huweza kuwa mengi kiasi cha kutohesabika usiku mmoja ukiwa umelala. Mwenye tangi huamka akiwakuta samaki wamelala ubavu, kisha hulaumu chakula au maji ya bomba. Mimi huubadilisha mtungi mara mshale unapopita chini ya bar 40 katika chumba chenye joto la kawaida, wala sijali gesi kidogo inayopotea. Nunua mizani, upime mtungi bila regulata kila mwezi, uandike uzito kwenye karatasi na kuibandika kabatini. Na ukiwa na uwezo, nunua regulata ya hatua mbili.

Dhana ya pili ni kwamba kile kikombe cha kioo chenye maji ya rangi ya kupimia hewa ukaa, kinachoning'inizwa ndani ya tangi, hujazwa maji ya tangi lenyewe. Kikombe hicho hujazwa maji yaliyotengenezwa yawe na KH (kipimo cha bikaboneti majini) ya digrii 4 kamili, na ni kwa maji hayo tu ambapo rangi ya kijani humaanisha takribani miligramu 30 za hewa ukaa kwa lita. Sehemu nyingi za Arusha maji yana bikaboneti nyingi kutokana na miamba ya volkano. Ukitia kikombeni maji yenye KH ya 12 kisha ukaendelea kufungua vali mpaka upate kijani kilekile, umefika miligramu 90, kiwango ambacho samaki hawakivumilii. Rangi yenyewe huchelewa saa moja au mbili kubadilika, kwa hiyo usiiguse vali kabla ya muda huo kupita.

Wapo wanaosema kwamba samaki huhema juu ya maji kwa sababu hewa ukaa imeifukuza oksijeni. Gesi hizi mbili huyeyuka kila moja kwa nafasi yake. Samaki hutaabika kwa kuwa hewa ukaa ikizidi majini, ile iliyo katika damu yake hushindwa kutoka kupitia matamvua. Hata hivyo, Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake hushika oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko maji ya Dar es Salaam yenye joto lilelile, kwa hiyo anayezuia mawimbi madogo ya juu ya maji ili kuokoa gesi anafanya kosa.

Mtungi wa kuzimia moto una gesi ileile, lakini ndani yake mna bomba linalofika chini na kutoa kimiminika. Kimiminika hicho kikiingia kwenye regulata huiharibu, na mgandamizo wake unaweza kumjeruhi aliyesimama karibu, basi fundi aliondoe bomba hilo kwanza. Kwa sababu hiyohiyo mtungi wowote husimamishwa wima, kamwe haulazwi kabatini. Na huko Moshi, ambako joto la Februari hupita nyuzi 31, uwekwe mbali na dirisha lenye jua.

Kuhusu kuacha gesi wazi usiku ili mimea ishibe, mimea haiitumii hewa ukaa gizani. Iache solenoidi, vali ya umeme inayofungua na kufunga gesi, ifungue saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka, na ifunge saa moja kabla hazijazimwa.