Baridi haiboreshi kila kipitishi cha umeme

Fundi umeme wa Mwanza atakuambia waya wa shaba ukipoa hupitisha umeme vizuri zaidi. Kwa shaba ni kweli. Kosa ni kudhani kila kitu chenye tabia ya metali hufuata njia hiyo.

Chukua fuwele ya kikaboni α-(BEDT-TTF)₂I₃, matabaka ya molekuli yaliyotenganishwa na matabaka ya iodini. Kwenye joto la kawaida hupitisha umeme kama metali. Ikifika 135 K (−138°C) inageuka ghafla kuwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Chaji hazijaisha! Kwa kila molekuli mbili kuna chaji moja inayohama. Fikiria meli ya kwenda Nansio yenye abiria mmoja kwa kila viti viwili: nafasi ya kuhama ipo, lakini wote wakikataa kukaa jirani, kama chaji zinavyosukumana, kila mmoja hubanwa alipo. Molekuli nazo husogea kidogo, na fuwele hushikilia mpangilio huo. Ukiikandamiza kwa takriban kilobari 15 (karibu mara 15,000 ya shinikizo la hewa), badiliko hilo hutoweka.

Unapopima ukinzani wa fuwele hii (jinsi inavyozuia umeme), tumia waya nne nyembamba za dhahabu na gundi ya kaboni, na upoze polepole, maana fuwele hupasuka. Ukinzani ulioruka kwa sababu ya ufa haurudi ulipokuwa fuwele ikipashwa joto. Wa badiliko halisi hurudi.