Skrini inawaka, namba ni ya uongo

Hapa Arusha kupima maji ni jambo la nyumbani. Vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia tunayoona kwa watoto yanatokana na hiyo. Ndiyo maana nasikitika nikiona kifaa cha kupimia kikiaminiwa kwa sababu zisizo sahihi.

Dhana: Kifaa kikianza kudanganya, badilisha betri.

Betri ikiisha skrini inazima, na unajua. Cha kuogopa ni skrini inayowaka vizuri wakati ncha, sehemu inayogusa maji, imekwisha. Chukua kihisio cha nitrati. Mara nyingi ncha yake hufunikwa utando wa plastiki laini ya PVC, wenye molekuli zinazoitambua nitrati. Molekuli hizo kwa kawaida zimechanganywa tu humo, hazijafungwa, hivyo kila ukichovya majini kiasi fulani kinatoka. Mwezi uliopita niliweka kimoja chini ya lenzi: ukingo wa utando ulikuwa umeinuka kama utandu wa maziwa yaliyopoa, maji yamepenya chini. Namba zilikuwa bado zinatoka.

Dawa ni kuzifunga molekuli hizo kwenye minyororo ya plastiki yenyewe kwa bondi kovalenti, yaani muungano wa atomi zinazoshirikiana elektroni. Utando nao, ukiwekwa juu ya silika (kitu kilichomo kwenye kioo na mchanga), hushikizwa kwa silani, molekuli za silikoni zinazofanya kazi ya gundi: upande mmoja wa silani unaungana na oksijeni ya silika, wa pili na plastiki.

Dhana: Dhahabu haishikani na chochote.

Vihisio vingine vina ncha ya dhahabu, nayo hushikana na salfa. Molekuli zenye salfa mwishoni, yaani thioli, hujipanga zenyewe juu ya dhahabu katika tabaka lenye unene wa molekuli moja.

Dhana: Kikishashika kwa kemia, kimeshika milele.

Hii ndiyo inayoharibu kazi za watu. Bondi ya salfa na dhahabu ina nguvu ya takriban kilojuli 200 kwa moli, wakati ya kaboni na kaboni ni karibu 350. Hewa huioksidisha salfa hiyo taratibu, na thioli nyingine ikiwamo kwenye sampuli huweza kuing'oa ya kwanza na kukaa mahali pake. Mwaka 2014 kundi la Cathleen Crudden, Kanada, lilitumia kabini, molekuli zinazoishika dhahabu kwa kaboni badala ya salfa. Tabaka zao zilivumilia joto, asidi na besi.

Dhana: Paka tabaka nene, litadumu.

Tabaka nene huchelewesha jibu. Usafi una uzito zaidi: mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuzuia bondi isijengeke.

Elektrodi ya floraidi ya maabara, yaani kihisio cha kupimia floraidi, haina utando wa kubanduka. Ncha yake ni fuwele ya lanthani floraidi, iliyotangazwa mwaka 1966. Hata hivyo, kila asubuhi naipima kwanza kwenye maji ya kiwango ninachokijua, kabla ya kugusa maji ya chujio la mkaa wa mifupa, linalopunguza floraidi.