Kuachilia si Kusahau

Wiki haipiti bila mtu kuketi mbele yangu na kukiri, kwa sauti ya mwanafunzi aliyefeli mtihani, kwamba alidhani amekwisha kuachilia lakini jana usiku alikumbuka tena. Wa mwisho alikuwa amefuta namba ya simu ya aliyemuumiza na kuchana picha zote. Kisha akanitajia namba ile, tarakimu kwa tarakimu, bila kusita.

Dhana kwamba kuachilia ni kusahau huwachosha watu kuliko jambo lenyewe wanalotaka kuliachilia. Kumbukumbu haifutiki kwa amri. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, huko Marekani, waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele zililia, na walipotakiwa baadaye kumfikiria, alijitokeza mara nyingi zaidi kuliko kwa wale walioanza kwa kumfikiria bila kizuizi. Wegner alieleza kwamba akili inayojizuia hulazimika kukagua kila mara kama wazo limerudi, na ukaguzi huo ndio unaolirudisha. Kinachoachiliwa, basi, ni kazi ya kuijibu kumbukumbu: kumtungia mhusika hotuba usiku wa manane, kumchungulia mitandaoni, kusikiliza upya kesi isiyo na hakimu. Ikija, itambue, kisha endelea na ulichokuwa ukifanya. Mimi huwataka wateja waandike yanayowakera kwa dakika 15, kwa kalamu na wala si kwenye simu, na sitaacha kulisisitiza hilo hata wakinikunjia uso.

Wanaodhani kwamba kuachilia kunamlazimu mtu arudiane na aliyemkosea hunimalizia subira: kusamehe ni kwa mtu mmoja, kurudiana ni kwa wawili, na palipokuwa na kipigo mlango una haki ya kubaki umefungwa.

Wengine huamini kwamba wakimwaga vitu vyote vya nyumbani nje kwa siku moja, moyo nao utatulia. Lakini kitu huonekana cha thamani zaidi kwa sababu tu ni chetu. Katika majaribio ya watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler yaliyochapishwa mwaka 1990, waliopewa kikombe walitaka kukiuza kwa takriban mara 2 ya bei ambayo wasiokuwa nacho walikubali kulipa. Kwa hiyo naagiza waondoe vitu vya droo moja tu kwa wakati. Ama mwenye ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ambao DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 2013 uliutambua kuwa ugonjwa unaojitegemea, asivamiwe na ndugu wenye magunia, amwone mtaalamu.